Mdudu Mchezaji na Chupa Isiyoonjwa

Nyinyi mliobaki labo, maabarani kwetu, ndio mlionisumbua. "Mama Hadija, andika kabla hujasahau," mlisema, kana kwamba mtu akistaafu Ijumaa, Jumatatu akili yake inarudishwa stoo pamoja na koti jeupe. Sijasahau. Mambo ya vyeo nayaruka, maana sikupata vingi, na ya mishahara mnayajua wenyewe. Nitaandika juu ya mdudu mmoja tu, yule tuliyekutana naye karibu kila wiki katika kituo chetu cha afya pale Mutakura. Vitabuni anaitwa trikomonasi. Mitaani ana majina ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu wajukuu zangu wanasoma kila karatasi inayoachwa mezani.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta Mzee Salvator, fundi wa maabara aliyenifundisha kazi hii, ameketi mbele ya mikroskopi akiwa amevaa sweta nene la sufu. Joto la Bujumbura mnalijua. Saa nne asubuhi hata mbuzi wanatafuta kivuli. Nikadhani mzee ana homa, nikamwuliza kwa adabu kama amepima malaria. Alinitazama juu ya miwani, akaingiza mkono chini ya sweta, akatoa kichupa cha maji ya chumvi.

"Mi siko na homa, binti yangu," akasema. "Ni huyu ndiye anasikia baridi."

Hayo ndiyo maji tunayoyachanganya na ute wa mgonjwa juu ya kioo kabla ya kuangalia. Wengine waliyatoa moja kwa moja kwenye frigo na kuyadondoshea, kisha wakalalamika kwamba hawaoni kitu. Mdudu huyu akipata baridi huacha kucheza, na akiacha kucheza anafanana na chembe nyeupe za damu mpaka mtu unaapa ni ndugu. Kwa hiyo Mzee Salvator aliyaatamia maji yake kama kuku. Feni aliizima, dirisha la upande wa upepo alilifunga, na mgonjwa akishatolewa ute, kioo kilitembea kutoka chumba cha vipimo mpaka mikroskopi bila kusimama kusalimia mtu. Nami nilikuja kukiweka kichupa chini ya mtandio wangu miaka yote ya kazi. Sasa nimewaachia kwenye droo. Sweta tafuteni wenyewe.

Kumtambua akiwa hai si kazi ngumu. Haendi mbio, wala hatulii. Anajitikisatikisa, anageuka huku, anageuka kule, kama mzee anayetafuta ndala zake mlangoni pa msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Mzee Salvator alikuwa Mkatoliki na hakuwahi kuliona jambo hilo, basi Ijumaa moja nilimpeleka kwetu Buyenzi, tukasimama ng'ambo ya barabara. Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo, akimwona mdudu, aliniita, "Hadija, njoo, wametoka kusali." Na mkikosa kumwona, msimwambie mgonjwa kwa majivuno kwamba hayupo. Mwambieni hamkumwona, kisha sikilizeni dalili zake.

Dalili mnazisoma darasani: uchafu wa manjano au wa kijani, wakati mwingine wenye povu, harufu isiyo ya kawaida, kuwashwa, maumivu ya kukojoa. Ambalo darasani hawasemi ni kwamba wanawake wetu ni wasafi kupita kiasi. Hakuna anayekubali kwenda kwa dokta bila kuoga, na akijua ataangaliwa huko chini, ataoga mara mbili, na sabuni, na ndimu, na majani ya shangazi yake. Anafika ananukia kama bi harusi, na ushahidi wote ameuacha kwenye beseni. Mwambieni mapema aje kama alivyo, na kwamba ndani hakuhitaji ndimu hata siku moja, kunajisafisha kwenyewe. Wengine huwa wamekwisha kununua dawa ya fangasi na kuimaliza, wakashangaa kwa nini muwasho haujaenda popote. Wapokeeni bila kuwacheka. Mnaweza kucheka baadaye, mlango ukifungwa.

Na wanaume je? Wanaume hawana kitu. Ndivyo wanavyosema, na mara nyingi ni kweli kwamba hawasikii kitu. Mdudu anaweza kukaa kwa mwanaume muda mrefu, kimya, halipi kodi wala hapigi kelele. Kwa mwanamke pia anaweza kujificha hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna mikroskopi duniani inayoweza kusema ni nani alimleta nyumbani, wala lini. Mzee Salvator hakuruhusu swali hilo liulizwe ndani ya labo. Alikuwa na swali lake moja, alilomwuliza kila aliyekutwa na mdudu, mwanamke au mwanaume: "Muko wawili?" Maana dawa ya mmoja peke yake ni kupiga deki huku bomba linavuja.

Sasa niwaambie habari ya Esperance. Jina si lake, ila ameniruhusu kuandika kwa sharti moja, kwamba niseme ni mrembo. Ni mrembo. Ni mzaliwa wa Uvira, alikuwa akivuka mpaka kuchukua vitenge na kuviuza sokoni Mutakura, na ameolewa na Dieudonné, seremala wa Kamenge, mtu mwenye mikono ya dhahabu na masikio ya mbao. Alikuja mara ya kwanza na dalili zote. Nikamwangalia mdudu, anacheza vizuri kabisa. Beatrice, muuguzi wetu, akampa vidonge vya metronidazoli vya kwake na vya mume, akaeleza kwamba wanywe pamoja, kitanda kipumzike mpaka wamalize wote wawili na dalili ziishe, na bia isiguswe. Esperance akanywa, akapona.

Baada ya muda akarudi. Mdudu yule yule, ngoma ile ile.

"Bwana yako alikunywa dawa?" nikamwuliza.

"Alikunywa siku moja," akasema. "Akapitia kabare, akaweka bia juu yake. Akatapika mbele ya batu. Sasa anasema ile dawa ni sumu."

Nilitaka kucheka, lakini nikaona machozi yanamtoka. Shida haikuwa mdudu tena. Wifi yake Concilie, dada mkubwa wa Dieudonné, alikuwa amegundua kwamba Esperance anatibiwa, na alikuwa amefanya hesabu zake. Kaka mtu haumwi. Mke anatibiwa, anapona, anavuka Uvira kuchukua vitenge, anarudi, anaumwa tena. Kwa Concilie jibu lilikuwa wazi kama jua. Alikuwa amewaita wazee wa familia waje kikao Jumapili ya wiki iliyofuata.

"Watanirudisha kwetu, dokta," Esperance akasema. "Na Divine atabaki. Mutoto ni wa kwao, ndivyo wanasema." Divine ni binti yao, wakati huo alikuwa bado hajaanza shule.

Mimi si dokta, na nilikwisha kuchoka kuwakatalia watu jina hilo. Lakini siku ile nilitamani niwe hata waziri. Hesabu ya Concilie ilikuwa nzuri, isipokuwa alisahau kumhesabu mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa ameitwa kituoni na Beatrice mara kadhaa, kila mara akajibu kwamba yeye si mgonjwa na ana kazi nyingi.

Hapo nikatazama meza ya mikroskopi. Mguu wake mmoja ulikuwa unacheza kweli kweli. Tulikuwa tumeukingia kipande cha katoni tangu enzi za sweta. Mwanaume wa Bujumbura ukimwita kama mgonjwa, haji. Ukimwita kama fundi, anafika kabla ya simu kukatika. Nikamwomba Esperance ampelekee mumewe salamu kwamba labo inahitaji seremala, na asubuhi atakayokuja fundi, yeye naye arudi, bila ndimu. Akakubali, na akakubali pia la pili nililomwomba.

Dieudonné alikuja na nyundo, msumeno na misumari mdomoni. Akaugonga mguu, akaunyoosha, akautikisa. Meza ikatulia kama ya benki. Wakati huo nilikuwa nimeweka juu ya mikroskopi kioo cha mkewe, kama tulivyopatana naye, bado kina joto, na mkewe mwenyewe ameketi kwenye benchi.

"Hakikisha imetulia," nikamwambia. "Angalia humu ndani."

Akainama. "Eh!" akasema. "Iko vitu vinatembea!"

"Vimetoka kwa bibi yako. Alipona, sasa vimerudi. We unafikiri vilikuwa vinangojea wapi?"

Akainua kichwa, akamtazama Esperance, akanitazama mimi, akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja. "Lakini mi siumwi, dokta. Nasikia muzuri kabisa."

"Ndivyo anavyofanya kwa wanaume. Anakaa tu."

"Sasa ni nani alimuleta?"

"Labo haijui. Na hapa hatuulizi hivyo. Tunauliza, muko wawili?"

Alikaa kwenye benchi, mbali kidogo na mkewe, akaanza kueleza. Na nikwambieni, nilijifunza jambo siku ile. Miaka yote nilidhani wanaume wanaikimbia dawa kwa kiburi. Mimi ni Mwislamu, bia sijawahi hata kuinusa kwa makusudi, ingawa wanaume wa mtaani kwetu Buyenzi walioniuliza kwa sauti ya chini habari za dawa na bia walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Kumbe tatizo ni kabare, yaani baa. "Pale kwa Mama Nella," Dieudonné akasema, "mutu akiagiza fanta, kila mutu anageuka. Siku ya kwanza wanakucheka. Siku ya pili wanajua uko mu vidonge. Siku ya tatu wanajua ni vidonge gani, na wanaanza kumuangalia bibi yako akipita."

"Sema jino linakuuma."

"Nilisema. Wakaniletea koleo."

Esperance alikuwa anahesabu kwa vidole vyake. Siku saba za vidonge, na mbili za kuiacha dawa itoke mwilini kabla ya bia.

"Ni novena," akasema.

Nikamwuliza novena ni nini, maana hayo si ya kwetu. Akanieleza kwamba Wakatoliki wakiwa na jambo zito wanaliombea siku tisa mfululizo, na mtu anaweza kujinyima kitu, kwa mfano bia. Hakuna mlevi hata mmoja kwa Mama Nella atakayethubutu kubishana na novena. Dieudonné alifikiri kidogo, akasema, "Na tukiulizwa tunaombea nini?" Esperance akamjibu, "Nyumba yetu. Au iko uongo?" Seremala akainamisha kichwa. Beatrice akawapa vidonge mara ya pili, wote wawili, siku moja.

Esperance alinipitia mara mbili tatu kunipa habari. Dieudonné analalamika kwamba kila chakula kina ladha ya misumari. Nikamwambia hiyo ni dawa, ingawa kwa seremala ni vigumu kujua. Kwa Mama Nella walikuwa wamemcheka siku ya kwanza, na siku ya pili rafiki yake mmoja akaenda mpaka mlangoni pa kanisa kuhakikisha. Basi ikabidi waende kweli. Kila jioni walimwacha Divine kwa jirani, wakaenda kusali kwa miguu, wakarudi kwa miguu. "Dokta," Esperance akaniambia, "tangu tuoane, hatujatembea sisi wawili tu bila mutu kutusimamisha. Jana aliniuliza kama miguu yangu inauma." Alisema hivyo akitazama pembeni, kama msichana.

Lakini Jumapili ya kikao iliangukia katikati ya novena. Yaliyotokea alinisimulia kesho yake, akiwa amesimama mlangoni pa labo, hataki hata kukaa.

Walikuja watu sita, wakaketi sebuleni kwake. Mkubwa wao alikuwa Mzee Balthazar, baba mdogo wa Dieudonné, mtu wa kofia na maneno machache. Concilie aliketi karibu na dirisha, mkoba kwenye magoti. Kreti ya bia ikaletwa, maana kwa Warundi kikao cha familia bila kinywaji ni mkusanyiko tu wa watu wenye kiu. Na kuna desturi ambayo mimi na Beatrice, pamoja na elimu yetu yote ya vidonge, hatukuikumbuka. Mwenye nyumba huonja kwanza kinywaji mbele ya wageni, ndipo anawapa. Ndivyo wanavyojua hakuna kilichotiwa ndani. Asipoonja, ni kama amewaambia kwa mdomo wake kwamba anataka kuwaua.

Dieudonné akafungua chupa. Akaishika. Akampa Mzee Balthazar bila kuonja.

Mzee hakuipokea. "Onja," akasema.

"Niko mu novena, baba mudogo."

"Kuonja si kunywa. Onja."

"Siwezi."

"Basi bibi yake aonje," Concilie akasema.

Esperance alisimama. Alikuwa amekunywa kidonge chake asubuhi ile. Aliniambia aliitazama ile chupa, akamtazama mtoto wake anacheza mlangoni, na kwa mara ya kwanza akafikiri kunywa tu, litokee la kutokea. Alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Apana," Dieudonné akasema. "Na yeye hawezi."

Concilie aliruka juu. "Munaona? Wote wawili! Nyumba hii hakuna mutu wa kuonja! Ni nini mumetia mule?"

Watu wakaanza kushika kofia zao. Na hapo, jamani, yule mtu aliyeogopa kuagiza fanta mbele ya walevi watatu alisimama mbele ya ukoo wake, na chupa mkononi, akasema.

"Bia iko muzuri. Ni mi niko na dawa. Ule ugonjwa munasema ni wa Esperance, ni wetu. Ya kwanza, nani alileta, ata labo haijui. Lakini yeye alikunywa dawa akapona, mi nikakataa, nikamurudishia. Ya pili ni mi. Uvira haina kosa. Mukitaka kurudisha mutu kwao, munirudishe mi, na kwetu ni hapa."

Esperance anasema hata Divine aliacha kucheza. Concilie aliufungua mkoba wake, akaangalia ndani, akaufunga. Mzee Balthazar akanyoosha mkono, akaichukua ile chupa, akaonja yeye mwenyewe, mgeni.

"Iko muzuri," akasema. Akampa Esperance. "Gawa, mama mwenye nyumba."

Akagawa. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili. Concilie alipewa ya mwisho, na Esperance ananiambia kwa bahati mbaya ndiyo iliyokuwa imekaa juani. Bahati mbaya hiyo siiamini hata kidogo.

Nililia mlangoni pale, mbele ya mgonjwa, jambo ambalo Mzee Salvator asingeliruhusu kwa kuwa machozi nayo yana chumvi na hayajapimwa. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa mengi niliyopongezwa katika kazi hii.

Walirudi baada ya wiki kadhaa kuangaliwa tena. Nilitoa kichupa chini ya mtandio, nikaandaa kioo, nikaangalia taratibu, huku na kule. Hakuna aliyekuwa anatafuta ndala. Dieudonné akaomba naye aangalie. Akainama muda mrefu juu ya meza aliyoitengeneza mwenyewe.

"Sioni kitu," akasema.

"Ndicho nilichotaka usione. Lakini mtakuja tena baada ya miezi michache, na akirudi mtu kuwashwa, msingoje."

Nilipofungua mlango kumwita anayefuata, nilimkuta Mzee Balthazar ameketi katikati ya benchi, kofia kwenye magoti, anatazama ukutani kama mtu anayesubiri basi. Mkewe alikuwa amesimama karibu na nguzo, hatua chache kutoka kwake, amejifunika kitenge. Mzee akanisogezea kichwa, akapunguza sauti.

"Dokta, huyu mududu. Ukimuona, unaweza kujua ni nani alimuleta?"

Nilifungua mdomo kujibu, lakini Dieudonné alikuwa nyuma yangu, anavaa kofia yake, na alinitangulia.

"Baba mudogo," akasema kwa upole, "apa hawaulizi ile. Apa wanauliza: muko wawili?"

Mzee akageuka, akamtazama mkewe pale kwenye nguzo. Kisha akasogea mpaka mwisho wa benchi, akamwachia nafasi ya kukaa.